Muulize Fundi: Pampu Haizibi Tundu

Msimu wa karafuu ukinukia tu, gari zilizolala miezi zinatakiwa ziamke kwa siku moja. Ndiyo maana barua za safari hii karibu zote zinanukia dizeli. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake nimeulizwa hapa uani kwangu Machomane, Pemba, mara tano tangu Ramadhani, na mara nne katika hizo mtu alikuja na pampu tayari mkononi.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Wete. Nina Hilux ya injini ya 3L, niliinunua kwa mtu wa Unguja miaka mitatu nyuma. Msimu inabeba mapolo ya karafuu, msimu ukiisha inabeba ndizi, mchanga na chochote. Asubuhi haiwaki mpaka nifungue boneti nipige ile pampu ya mkono juu ya filta mara thelathini, arobaini. Mchana ikiwa na moto inawaka bila tabu. Lakini nikipanda kilima na mzigo inavuta kidogo, kisha inalegea kama mtu aliyekatika pumzi. Nikiachia mafuta, inarudi. Filta nimeshabadilisha mara mbili. Chini haivuji hata tone. Fundi wa kwetu anasema dawa ni kufunga pampu ya umeme. Binamu yangu aliyeko Dubai kaniletea mtambo mzima, pampu na filta mbili kwenye bamba moja, umeandikwa AirDog na namba 100, anasema Wamarekani ndio wanaofunga kwenye pikapu zao. Umekaa chumbani wiki ya tatu sasa na mke wangu anauliza kila siku. Nifunge au niuze?*
*Msomaji, Wete*

Marahaba, mwanangu. Mtambo uache chumbani siku tatu zaidi, na mama watoto mwombe radhi kwa niaba yangu.

Tuanze na namna gari yako inavyokunywa. Kwenye 3L, na hilo ni jina la injini, si lita tatu, hakuna pampu yoyote tangini. Dizeli inanyonywa: ndani ya pampu ya nozeli, ile inayozigawia nozeli za injini mafuta, kuna pampu ndogo ya mapanga, na hiyo ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma kabisa, kupitia paipu ndefu ya chuma iliyolala kwenye chesisi, kupitia filta, mpaka mbele. Sasa chukua dafu, unywe kwa mrija wenye ufa. Maji ya dafu hayamwagiki hata tone, lakini mdomoni unapata hewa. Gari yako ndivyo ilivyo. Tundu lipo mahali, na halijioneshi chini kwa sababu njia yote iko katika kunyonywa. Usiku injini ikizimwa, hewa inaingia taratibu pale penye ufa, dizeli inateremka kurudi tangini, na alfajiri wewe unapiga pampu ya mkono mara arobaini kuipandisha tena. Ulipoandika kuwa inawaka baada ya pampu ya mkono, ugonjwa ulishanitajia. Hukunitajia mahali tu.

Kule kulegea kilimani kunaweza kuwa tundu hilo hilo, na kunaweza kuwa kitu kinachobana: chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, paipu imebonyezwa na jeki, au tangi halipumui. Hili la mwisho kulijua hakugharimu kitu. Siku ikilegea, simama pembeni, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta hewa kwa sauti, na gari ikapata nguvu baada ya hapo, basi njia ya pumzi ya tangi imeziba. Nimewahi kutoa humo nyumba ya nyigu wa udongo.

Kipimo ninachokitaka kwako ni cha dumu, na hiki sikukisoma kitabuni. Kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujatufikia mwaka 2010, Pemba ilikuwa ikiishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na mimi ujanani nilikuwa nikifuatana na ami yangu aliyekuwa akizihudumia mashine kama hizo. Zilinyweshwa kutoka tangi dogo lililopandishwa juu, mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Ami alikuwa akisema mashine ikilalamika kiu, ipandishie maji kichwani uone kama italalamika tena. Alimaanisha mafuta, lakini yeye kila kitu alikiita maji.

Basi fanya hivi. Tafuta dumu safi la lita 5, tia dizeli uliyoichuja. Boneti ikiwa wazi, lifunge pahala palipo juu kuliko injini, na ulifunge imara lisije likamwagikia ekzosi. Mpira mmoja utoke dumuni uingie moja kwa moja kwenye mlango wa kuingizia wa pampu ya nozeli, ukiiruka filta na paipu yote ya nyuma. Mpira wa kurudishia nao uingie dumuni. Toa hewa, washa, iache ingurume robo saa hapo hapo ilipo, kisha zima ukalale. Usiende nayo barabarani. Alfajiri ikiwaka kwa selfu ya kwanza, pampu ya nozeli haina kosa, na mwizi yuko kati ya tangi na pampu hiyo, filta ikiwemo. Ikikataa na dumu liko juu ya kichwa chake, basi kamtazame mwizi mwingine: plagi za kuwashia, kompreshani, au pampu ya nozeli yenyewe. Na hapo ujue kuwa pampu ya umeme isingekusaidia hata ungeifunga tatu.

Mimi nadhani itawaka. Na ikiwaka, kazi ya kumtafuta mwizi ni ya nusu siku na mpira mmoja mweupe unaoonesha ndani, wa urefu wa shubiri. Uunge kwanza baina ya filta na pampu ya nozeli, washa, tazama. Ukiona mapovu yanapita kama soda, uhamishe uunge kabla ya filta. Mapovu yakiwa yametoweka hapo, basi hewa inaingilia kwenye filta yenyewe. Yakiwa bado yapo, endelea kurudi nyuma. Ukimaliza uondoe, maana mipira hiyo myeupe hukakamaa kwa joto la injini na ukiuacha utakuwa wewe ndiye uliyeongeza tundu.

Kwa Hilux za umri huo mimi huanza na kichwa cha filta, pale penye pampu ya mkono. Ndani yake kuna mpira unaopanda na kushuka, na ukipasuka haumwagi, unavuta hewa tu. Watu wanajaribu kuuziba kwa gundi; nunua kichwa kizima. Na kuna jambo umeandika ambalo limenifanya nikune kichwa: umebadilisha filta mara mbili. Ile sensa ya maji iliyo chini ya filta huhamishwa kutoka filta kuukuu kwenda mpya. Uliihamisha na ringi yake ya mpira ya zamani? Ringi hiyo ikishakaa miaka inakuwa bapa na ngumu kama kucha. Filta mpya na ringi ya zamani ni tundu jipya. Kama ni hivyo, ugonjwa wako unaponywa kwa kitu unachoweza kukipoteza mfukoni.

Mwizi wa tatu ni paipu ya chuma. Muulize aliyekuuzia gari ilikuwa ikifanya kazi gani Unguja. Kama ilikuwa ya samaki, ikishuka mchangani kila alfajiri, basi lala chini uitazame pale inapobanwa kwenye chesisi na vile vibanio vyenye mpira. Sehemu iliyo wazi utaikuta nzima, imekauka. Inayooza ni ile iliyofichwa na kibanio, kwa sababu mchanga wenye chumvi hukaa humo na unyevu wake mwaka mzima. Fungua kila kibanio. Usitosheke na kupitisha mkono.

Sasa nikwambie kwa nini nakusisitizia tundu kabla ya pampu. Niliwahi kufanya hili unaloshauriwa. Nilikuwa na ujuzi wa miaka sita na kiburi cha miaka ishirini. Akaja mteja wa Kengeja na Hilux ya 2L, maradhi yale yale ya asubuhi. Mimi nikachukua pampu ya gari ya petroli, za zile injini zenye nozeli za umeme, iliyotoka kwenye gari ya kukatwa, nikaifunga kwenye chesisi. Asubuhi yake ikawaka kwa nusu mzunguko wa selfu. Mteja akanisifu kwa watu wawili mbele yangu, na mimi nikajiona.

Pampu ile ya petroli inasukuma bar 3, yaani paundi arobaini na zaidi kwa kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Pampu ya nozeli ya Hilux haikuumbwa kusukumwa, imeumbwa kunyonya. Sili ya mhimili wake wa mbele imeunganika na upande ule unaoingiza mafuta. Ukiipelekea paundi 3 mpaka 5 inashukuru, ukivuka 10 unaijaribu, arobaini inaitoa. Ikatoka. Dizeli ikawa inamwagikia ndani ya kava la mkanda wa taimingi, mahali ambapo hakuna anayetazama, na mkanda wa mpira ukioga dizeli kila siku haudumu. Siku ya kumi na moja ukakatika akiwa kwenye mteremko. Valvu zikagonga pistoni. Lile tundu la mwanzo nalo tulikuja kulikuta chini ya kibanio, likiwa limegeuza kazi: zamani lilikuwa likivuta hewa, sasa lilikuwa likitema dizeli, na chesisi yote imelowa mpaka karibu na ekzosi. Injini niliilipa mimi. Mteja hakunidai, nililipa kwa kuwa nilikuwa siwezi kupita Kengeja.

Kwa hiyo fundi wako hakudanganya aliposema gari itawaka. Itawaka. Pampu inaibadilisha njia kutoka kunyonywa kuwa kusukumwa, na hewa haina pa kuingilia. Tundu linabaki palepale.

Tuje kwenye mtambo wa binamu. Si bidhaa mbaya, na Wamarekani wana sababu zao. Pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, zile zilizotengenezwa kuanzia katikati ya 1998 mpaka 2002, zilikuja na pampu ya nozeli ya Bosch iitwayo VP44. Hiyo hupozwa na kulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Kiwandani walizifungia pampu ndogo ya umeme ya kuilisha, lakini wakaibana ubavuni mwa injini, mbali na tangi, ikawa yenyewe inavuta kwa mbali. Ikichoka, VP44 inakosa mafuta na kufa, na VP44 ni ghali. Wenyewe huko wanafunga geji ndani ya gari na hawataki presha ishuke chini ya paundi 10. Pikapu za Chevrolet na GMC zenye injini ya Duramax, zilizoanza 2001, wao hawakuwekewa pampu ya kulisha kabisa. Ndiyo likazuka soko la mitambo kama AirDog: pampu yenye nguvu inafungwa kwenye chesisi karibu na tangi, ina filta, ina kichujio cha maji, na inatenga hewa na kuirudisha tangini.

Lakini itazame hiyo namba 100. Ni galoni za Kimarekani kwa saa, karibu lita 378. Hilux yako, hata na mapolo juu na mguu umekanyaga mpaka chini, haifiki lita 25 kwa saa. Hizo mia tatu na zaidi lazima zirudi tangini, kwa hiyo utatoboa tangi au shingo yake uweke njia nyingine ya kurudishia, na presha ya mtambo imepangiwa injini za huko, ambazo si hii yako. Uuze. Ila Pemba nzima mimi sijaona Dodge Ram, kwa hiyo umrudishie binamu auze huko huko Dubai. Usiufungue mfuko wa filta, bei itashuka.

Sikatai pampu ya umeme, usinielewe vibaya. Yangu mwenyewe ninayo. Nimeongeza kichujio cha maji kabla ya filta ya kawaida, maana dizeli ya madumu ya huku mashambani nimeichoka, na kila chujio unaloliongeza linampa mnyonyaji kazi zaidi. Pampu ya mapanga ikishazeeka haiwezi. Kwa hali hiyo, na tundu likiwa limeshazibwa, pampu ndogo ya paundi 3 mpaka 5 ni msaada wa kweli. Ukifika huko, funga hivi.

Pampu ikae nyuma, karibu na tangi, na isiwe juu kuliko sehemu ya chini ya tangi. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma na wavivu wa kuvuta. Ibane upande wa ndani wa chesisi, mbali na ekzosi, pasipopigwa na mawe, na chini yake uweke vipande vya mpira, la sivyo itakugongea kama mtu anayebisha hodi usiku kucha. Mshale uliochorwa uelekee mbele. Usicheke, nimekuta iliyofungwa kinyume na mwenyewe ameshailaumu Japani. Kabla ya pampu weka chujio dogo la kuzuia mchanga. Mipira iwe ya dizeli, ya tundu la milimita 8, si ya bustani, na klipu ziwe za kukaza kwa bisibisi. Penye bolti zenye tundu katikati tia wosha mpya za shaba. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji usiilete karibu: inakatika nyuzi nyuzi na nyuzi zinaishia ndani ya pampu ya nozeli.

Umeme ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua waya wa redio wanaunga pampu. Waya mkuu utoke kwenye betri, na fyuzi ya ampia 10 iwe jirani na betri, si mwisho wa safari. Upite kwenye rilei. Rilei nayo iamshwe na waya ule unaokwenda kwenye kizimio cha pampu ya nozeli, kile kinachokata mafuta ukizima ufunguo, kwa hiyo pampu itaamka na kulala pamoja na swichi. Mimi naongeza na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika kwenye ajali na ufunguo uko wazi, pampu isiendelee kumwaga dizeli chini ya watu. Mwambie fundi wa umeme asitumie ile ya taa ya oili iliyopo, maana hiyo inafanya kazi kinyume: inaunga wakati presha haipo. Na iwekwe kitufe cha kuiruka wakati wa kuwasha, kwani oili haina presha kabla injini haijazunguka. Gari yako ni volti 12, lakini wasomaji wenye Isuzu Elf kutoka Japani wakumbuke kuwa nyingi ni volti 24. Pampu ya 12 ikiwekwa humo haimalizi siku.

Kisha, kabla hujanipigia kunishukuru, unga geji kwenye mpira unaoingia pampu ya nozeli, uilaze nje kwenye kioo uifunge kwa waipa, upande kilima na mzigo mtu mwingine akiendesha na wewe ukiangalia. Ikicheza baina ya 3 na 5, sawa. Ikianguka mpaka sifuri, bado kuna kitu kinabana nyuma, rudi tangini. Na ikizidi 7 ondoa pampu hiyo hata kama gari inapaa.

*Fundi, nina Hilux ya D-4D, injini ya 2KD. Imepungua nguvu na inatoa moshi mweusi. Nataka kuongeza pampu ya umeme tangini. Pia nilikuwa nataka kujua nozeli ipi mbovu, nikalegeza nati za paipu moja moja injini ikiwa inanguruma kama tulivyokuwa tukifanya zamani, lakini dizeli ilitoka kwa nguvu nikaogopa. Nilikosea wapi?*
*Msomaji, Fuoni, Unguja*

Umeogopa vizuri. Usifanye tena, wala usimwache kijana wa gereji afanye.

Injini za zamani nozeli zake zinapata mafuta kwa dozi, ukilegeza nati inatema kidogo kidogo. 2KD ina reli moja yenye dizeli iliyoshindiliwa, ambayo presha yake inaweza kupita bar 1,000. Tairi yako ina bar 2 au 3, basi pima mwenyewe. Dizeli ya namna hiyo inapenya ngozi kama sindano na kuingia kwenye nyama. Kidonda chake ni kitundu kama cha pini, hakiumi sana saa ya kwanza, na ndiyo hatari yake. Mtu anafunga kitambaa anaendelea na kazi, na usiku mkono umevimba na unaweza kupotea. Ikimtokea yeyote, hospitali saa hiyo hiyo, na amwambie daktari kwa maneno haya: dizeli ya presha imeingia ndani ya ngozi.

Pampu ya tangini, hapana. Ile pampu yako ya presha ina pampu yake ya kuvutia ndani yake, na kompyuta ya gari inaipimia kiasi cha kuingia. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa chache, sio kiu ya mafuta. Tazama filta ya hewa, mipira ya tabo kama imepasuka, na ile njia inayorudisha moshi ndani ya injini, ambayo kwenye gari hizi hujaa masizi. Halafu ipeleke kwa mwenye mashine ya kusoma kompyuta akutazamie nozeli kwa namba, bila kushika spana. Filta ya dizeli nunua ya asili tu, hapa sitaki mjadala.

*Assalaam alaykum Fundi. Sisi ni kina mama wa mwani, Jambiani, tuna pikapu ya dizeli ya ushirika. Kila baada ya wiki mbili filta inaziba, na ndani yake kuna utelezi mweusi kama makamasi. Dereva anasema tununue pampu kubwa isukume uchafu upite. Pia tangi lilikuwa likivuja, akaliziba kwa sabuni ya mche. Tununue?*

Waalaykum salaam, mama zangu. Msinunue. Dereva anataka kuusukuma uchafu upite uende wapi? Mbele ya filta kuna nozeli.

Utelezi huo ni kitu hai. Maji yakikaa chini ya tangi na dizeli juu yake, pale zinapokutana huota ukungu na vijidudu, na joto letu na unyevu wetu wa pwani vinavipenda. Maji yanaingia kwa njia mbili. Moja ni dumu: dereva ananunua dizeli kwenye dumu lililokuwa na maji, au lililolala nje na mvua. Ya pili ni tangi kulala nusu tupu. Usiku hewa ya ndani inapoa, unyevu unageuka matone kwenye bati la tangi na kuteremka chini. Kwa hiyo jazeni jioni badala ya asubuhi, hata kama siku hizi ZURA, wasimamizi wa bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei mtu anatamani kuweka lita tano tano. Na kila wiki, kabla gari haijawashwa, legezeni kile kizibo cha chini ya filta mkinge kikombe. Maji yatatoka kwanza, yanaonekana yamejitenga. Fungeni ikianza kutoka dizeli tupu. Pampu kubwa kwenye tangi lenye maji inayakoroga pamoja na dizeli mpaka yanakuwa kama maziwa, na yakiwa hivyo yanapita kwenye kichujio bila kuonekana.

Utelezi uliokwisha kuota hautoki kwa filta mpya. Tangi lishushwe, lioshwe ndani kwa dizeli safi, chujio lake litolewe lisuguliwe, na paipu zipulizwe kwa upepo kuelekea nyuma.

Ama sabuni ya mche, dereva wenu ni mtu wa zamani kama mimi. Dizeli haiyeyushi sabuni, na sabuni ikishindiliwa kwenye ufa inashika kweli. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na gari yenu kazi yake ni kubeba mwani unaochuruzika. Juu inalowa, chini inalowa, na ndani ya tangi kuna maji. Sishangai mkiikuta ndani ya filta pia. Kwa hiyo tangi likishushwa lichomelewe siku hiyo hiyo, lakini kwa fundi anayejua kulijaza maji kwanza na kuacha wazi sehemu ndogo tu ya kuchomea, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke ni bomu, hata la dizeli. Likikauka kabisa ndipo lirudi. Dereva akikataa kulishusha, mwambieni nimesema mimi.